Siku Moja Saadani, kwa Hisani ya Mbung'o

Jezi ya Chelsea ndiyo iliyotuponza. Mjomba alikuwa ametuma ujumbe siku mbili kabla, kwa herufi kubwa kama kawaida yake: MSIVAE BLUU WALA NYEUSI. Mimi nikavaa gauni la kahawia, binti yangu akavaa fulana ya kaki ya skauti, na Mjomba mwenyewe akatokea na shati ambalo zamani zake lilikuwa jeupe. Kijana wangu wa miaka tisa alipanda gari saa kumi na nusu alfajiri akiwa amejigubika khanga yangu, nusu amelala. Khanga ilipofunuka tulikuwa tumeshaipita Bagamoyo, na ndani yake ilikuwa jezi, bluu ya kutosha kuonekana kutoka Unguja.

Nikaanza kufoka. Mjomba akanikatiza.

"Mwache mtoto, mwanangu. Atakuwa chambo chetu."

Januari ya pwani mnaijua wenyewe. Kaskazi inavuma, lakini inavuma moto. Ukilala na feni unaamka na shuka bichi, ukilala bila feni hulali. Ndiyo maana watu wa Dar kila Jumamosi ya kiangazi wanakimbilia maji, na sisi tungekwenda Kigamboni kama kawaida, isipokuwa binti yangu alikuwa ameiona ile picha. Mnaifahamu: simba kajilaza mchangani, mawimbi nyuma yake, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila mwaka kama salamu za Idi. "Hapo ni wapi?" Saadani. "Ni mbali?" Si mbali. Basi.

Katika hifadhi za taifa za Tanzania zenye tembo na simba, ni Saadani peke yake iliyofika hadi Bahari ya Hindi. Ina kilomita za mraba 1,100 hivi, kusini imeukumbatia Mto Wami, na kwa anayetoka Dar ni mwendo wa kilomita 200 na ushee ukipitia Msata. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja kama hapendi mgongo wake.

Watoto walikuwa wanakwenda kuona simba. Mimi nilikuwa nakwenda kuona maji. Mjomba, nilipomuuliza yeye anakwenda kuona nini, alijibu bila kucheka: "Nakwenda kuona walikolala ng'ombe wangu."

Kiwangwa tulisimama kununua mananasi, maana kupita Kiwangwa mwezi huo bila nanasi ni ukosefu wa adabu. Mama mmoja alitumenyea moja palepale, akalikata vipande virefu, tukala tumeinama ili maji yasidondokee nguo. Kuanzia hapo hadi Msata ni lami, kisha unashika barabara ya Segera na kulivuka Wami juu ya daraja jipya lililofunguliwa 2022. La zamani bado unaliona pembeni, jembamba, chini kabisa ya mteremko ule uliokuwa ukinifanya nisome dua zote ninazozijua kila tulipokwenda Tanga. Ukifika Mandera unakata kulia. Miono, Mkange, vumbi, mikorosho, vumbi tena.

Getini malipo si ya fedha taslimu. Unapewa kumbukumbu namba na kulipa kwa simu. Nilikosea namba ya siri mara mbili nikiwa nimesimama juani, nyuma yangu kuna gari la wageni wanaotabasamu kwa subira. Mara ya tatu ikakubali. Tukapewa askari wa hifadhi wa kutuongoza, kijana mpole mwenye bunduki begani, akakaa mbele nami. Alimwamkia Mjomba shikamoo, akamtazama kijana wangu na jezi yake, akatingisha kichwa.

"Huyu mmemleta makusudi?"

Hatukwenda hata dakika kumi tukaviona vile vitambaa. Vimetundikwa kwenye fremu, kimoja hapa, kingine mbele huko, nusu bluu nusu nyeusi, vinazunguka polepole upepo ukivigusa. Kwa mbali utadhani mtu kasahau nguo zake kwenye kamba katikati ya pori. Ni mitego ya mbung'o. Bluu inamvuta kutoka mbali, nyeusi inamfanya atue, na kitambaa kimelowekwa dawa. Anatua, anakanyaga sumu, anakwenda kufia mbele. Kwake yeye kitu chochote kikubwa kinachosogea ni mnyama mwenye damu, na gari letu la kuazima, Escudo ya shemeji yangu, lilikuwa nyati aliyekuja mwenyewe.

Wa kwanza aliingia kupitia dirisha la Mjomba. Hakupiga kelele kama mbu. Alitua juu ya goti langu, juu ya gauni, nikapata nafasi ya kumtazama vizuri. Ni mkubwa kuliko nzi wa chooni, wa kijivujivu, na akitulia hupandanisha mbawa zake mgongoni moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Mdomo hauelekei chini. Umenyooka mbele kama sindano. Nikampiga kofi. Akaruka, akazunguka kioo cha mbele, akarudi palepale. Nikampiga tena. Akarudi.

"Huyo hafi kwa kofi," Mjomba akasema. Akanyoosha mkono, akamkamata kwa vidole viwili taratibu kama anayeokota punje ya mchele, akamviringisha mpaka tukasikia *tak*. "Miaka kumi na mitatu nimefanya kazi hii."

Sasa niwaeleze Mjomba. Ni kaka yake mama, Mzigua wa Handeni. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, alipata kibarua kwenye shamba kubwa la mifugo la Mkwaja, kaskazini mwa hapa. Lilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Tanga iliyotaka nyama ya kulisha manamba wake, likakua mpaka likawa na maelfu ya ng'ombe. Mzungu gani aliona pori lile lililojaa mbung'o akasema hapa ndipo pa kufugia ng'ombe, Mjomba hajui. Anachojua ni sindano. Ng'ombe wa Mkwaja waliishi kwa sindano. Ndani ya damu yao kulikuwa na kinga ya kupimwa kwa uzito, na tarehe ikipitiliza ungeona: ng'ombe anakonda huku anakula, manyoya yanasimama, tezi zinavimba, mwisho anabaki nyuma ya kundi, ameinamisha kichwa. Ugonjwa wa nagana, ule anaoueneza mbung'o, hauna haraka.

"Baadaye," akasema, na nikaona sauti yake imechangamka, "wakaleta dawa ya kuogeshea josho. Ng'ombe akitoka pale ngozi yake ni sumu kwa mbung'o. Si ule mtego wenu wa kitambaa. Sisi tulikuwa na mitego yenye miguu minne, inatembea yenyewe, inakula majani."

Yule askari akacheka mpaka bunduki ikagonga dashibodi.

Wanyama tuliwaona, nisije nikalaumiwa kwamba nimewaficha. Twiga watano walisimama barabarani wakitutazama kwa dharau ile ya watu warefu. Kongoni, tohe wawili watatu, nyani wengi, ngiri wasio na idadi. Kinyesi cha tembo, kipya, chenye mbegu za mikoche ndani yake. Tembo mwenyewe hakuwepo. Simba hakuna. Binti yangu alikaa na simu mkononi, kamera imewashwa, saa mbili nzima, kisha akaizima na kuniambia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kwamba betri imebaki nusu.

Kilichonishangaza ni kwamba wanyama hawa wote wamekaa katikati ya mbung'o, wanang'atwa mchana kutwa, na hawana habari. Vijidudu vya nagana wanavyo damuni, lakini wameishi navyo vizazi na vizazi mpaka wakazoeana. Anayekufa ni ng'ombe mgeni, punda mgeni, farasi mgeni. Mjomba alilisema hili kama mtu anayeeleza sheria ya mirathi: "Huyu nyati ni mwenyeji. Ng'ombe wetu walikuwa wapangaji."

Tulifika kijijini Saadani kama saa nne na nusu. Ndiyo, kuna kijiji, na hifadhi imekizunguka; unatoka kwenye twiga unaingia kwenye duka la vocha. Watu wanadhani ni kijiji cha wavuvi kilichojificha tu. Lakini miaka mia moja na hamsini iliyopita huu ulikuwa mji wa kushindana na Bagamoyo. Misafara ya pembe kutoka bara iliteremkia hapa, na hapa walipanda wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakienda Mpwapwa na kwingineko.

Hadithi ya maksai nilikuwa nimeisoma usiku uliotangulia na nilikuwa naisubiria pa kuisimulia. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alikuja Saadani na wazo: kwa nini mizigo yote ibebwe vichwani na wapagazi, wakati Afrika Kusini watu wanatumia mikokoteni ya ng'ombe? Akachukua maksai wachache, akawaswaga hadi Mpwapwa, wakafika wazima. Akafurahi. Mwaka uliofuata ukaja msafara mkubwa na mikokoteni yake. Maksai wakaanza kufa mmoja mmoja njiani, na mikokoteni ikaachwa. Mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.

Nilipomaliza kusimulia Mjomba alikaa kimya kidogo. "Wale wa kwanza walibahatika na majira," akasema. "Sisi pia mwaka wa kwanza mtu angetuona mabingwa."

Ukifikiri kidogo, mambo mengi ya nchi hii yamepitia kwenye mdomo wa mdudu huyu. Tunafundishwa shuleni kwamba misafara ilikuwa ya wapagazi, basi tunaona ni desturi tu, kana kwamba watu walipenda kubeba pembe ya kilo thelathini miezi mitatu. Mnyama wa kubeba asingefika. Mtu alibeba kwa sababu ng'ombe alikufa.

Kuna makaburi ya zamani pale kijijini na magofu ya enzi za Mjerumani, na jina moja ambalo wazee hawakosi kulitaja: Bwana Heri bin Juma. Ndiye aliyekuwa mtawala wa Saadani pwani ilipoinuka mwaka 1888 kuikataa kampuni ya Kijerumani. Tunamkumbuka zaidi Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, labda kwa sababu mwisho wake ulikuwa wa kutisha. Bwana Heri, mji wake ulipopigwa mizinga kutoka baharini, aliingia porini na watu wake na kuendelea kupigana hadi 1890. Mjerumani alikuwa na manowari, lakini manowari haiingii porini, na huko porini hata wanyama wake wa mizigo hawakuwa na maisha marefu. Hili la mwisho ni langu, sikulikuta kwenye kitabu. Msije mkaniandikia mtihani.

Ufukweni nilipata maji yangu. Naomba niseme ukweli ambao matangazo hayasemi: bahari ya Saadani si ile ya bluu ya kwenye kalenda. Mto Wami unamwaga tope lake jirani, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Yakikupwa yanakwenda mbali, unabaki na uwanja mpana wa mchanga mgumu wenye mistari, kaa wadogo wakikimbilia mashimoni. Tope lilelile ndilo linalowanenepesha kamba wa hapa, na kamba wa Saadani wanajulikana hadi sokoni Feri. Kaskazini ya hapa, ufukwe wa Madete, kasa wa kijani hupanda usiku kutaga. Watoto waliingia majini na nguo. Jezi ya Chelsea ilipolowa ikawa nyeusi, na mimi nikakaa chini ya mti nikila nanasi, nikihesabu malengelenge ya mbung'o kwenye kifundo cha mguu. Sita. Upepo wa baharini unawakatisha tamaa. Pale mchangani hakufika hata mmoja.

Pembeni ya kijiji ni mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa ya kina kifupi, jua linafanya kazi ya siku nyingi, kisha watu wanakwangua kilichobaki na kukilundika. Januari, mvua za vuli zikishaondoka, ndio wakati wake. Ng'ambo ya malundo meupe walisimama heroe, waridi kabisa, mguu mmoja mmoja, wakichuja vijidudu kwenye maji ya chumvi. Hapa ndipo binti yangu alipowasha simu tena. Picha aliyoipiga ina mlima wa chumvi, mtu mwenye koleo, na mstari wa heroe nyuma yake, na kwangu mimi inaishinda ile ya simba, ingawa sidhani kama itazunguka WhatsApp.

Tulikula kwa mama lishe mmoja, wali wa nazi na kamba wa rojo, pilipili ya kukamua kwa ndimu. Aliposikia Mjomba anasema Kizigua akaongeza kipande cha samaki ambacho hatukuagiza. Nikamuuliza kama wanafuga. Kuku, akasema. Mbuzi wachache. "Ng'ombe hapa? Labda umchukie."

Baada ya chakula tulikuwa na mawili ya kuchagua: boti ya Mto Wami, ambako viboko na mamba ni uhakika, au kaskazini kwa Mjomba. Watoto walitaka boti. Mimi pia nilitaka boti, kusema kweli. Lakini yule mzee alikuwa amekaa na kofia yake magotini, hasemi kitu, na kutosema kwake kulikuwa na sauti kubwa. Tukaelekea kaskazini.

Ilinyesha mvua ya kupita usiku wa kuamkia juzi, mvua moja isiyo na majira. Mahali pa mchanga ilikuwa imeshasahaulika. Penye udongo mweusi wa mbugani haikusahaulika hata kidogo. Juu pamekauka na kupasuka, chini ni ugali. Niliingia nikiwa na uhakika kabisa, na gari likazama upande wa kushoto, polepole, kama mzee anayekaa kwenye mkeka.

Matawi haturuhusiwi kukata, askari akasema, hii ni hifadhi. Basi tukatoa kapeti za miguuni za shemeji (samahani, shemeji, kama unasoma, ndiyo sababu zilirudi na rangi ile), tukapunguza upepo wa tairi, Mjomba akapiga magoti kuchimba kwa sufuria ya pikniki. Na wakaja. Gari limesimama, injini ina joto, watu watano wanahema na kutoka jasho. Wakatoka vichakani kwa makumi. Wanang'ata juu ya nguo, juu ya nywele, nyuma ya sikio. Kijana wangu alianza kulia, maana yeye walikuwa wamemvaa kama beji.

"Vua hiyo," Mjomba akamwambia.

Akaichukua jezi, akatembea hatua kama ishirini, askari ubavuni pake akitazama nyasi, akaitundika kwenye mti wa miiba, mikono imetandazwa. Mgongoni imeandikwa namba kubwa nyeupe. Akarudi. Sisemi mbung'o wote walihama; lakini baada ya dakika chache, kila tulipotazama kule, jezi ilikuwa na madoa yanayotembea, na sisi tulikuwa na nafasi ya kusukuma. Tulitoka kwa mara ya nne. Kijana aliirudia jezi yake mwenyewe, akaikung'uta kwa fimbo kutoka mbali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kilomita chache mbele Mjomba akasema simama.

Mimi sikuona kitu. Pande zote ni nyasi ndefu za kahawia za kiangazi na vichaka vya miiba, halafu katikati kipande cha uwanja, kikubwa kuliko viwanja viwili vya mpira, nyasi zake fupi, za kijani, zimelala kama zulia. Ngiri walikuwa wamepiga magoti wakila, mikia chini. Nyuma yao kuro kama wanane, na ile duara nyeupe kwenye makalio yao kama waliokalia kiti cha choo kilichopakwa rangi mbichi.

"Boma," Mjomba akasema. "Hapa ndipo walipolala."

Kila jioni ng'ombe waliingizwa kwenye mazizi, akaeleza, kwa sababu ya simba. Usiku mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka, mamia ya ng'ombe wakila mchana maeneo yote na kuja kunya hapa. Shamba lilishindwa: mbung'o hawakuisha, dawa zikawa ghali na nyingine zikaanza kuzoeleka, na vichaka vya miiba vikameza malisho. Mwaka 2000 likafungwa. Pori la akiba la Saadani, lililokuwepo tangu miaka ya 1960, lilipopandishwa na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ardhi ya Mkwaja ilikuwa ndani yake. Watafiti waliokuja kuchunguza udongo baada ya ng'ombe kuondoka walikuta penye mazizi ya zamani bado pana rutuba kuliko pembeni, na wanyama wa porini wanapafuata. Askari wetu alilijua hilo. Anawaleta wageni hapa wanaotaka kuona ngiri, tu hakuwa amekutana na mtu aliyeswaga ng'ombe wenyewe.

Ng'ambo ya maji, Unguja, mbung'o walimmaliza. Miaka ya 1990 mbung'o walifugwa Tanga kwa mamilioni, madume wakatiwa utasa kwa mionzi na kumwagwa kutoka kwenye ndege. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, humnyonyesha humo humo, humzaa mkubwa, mmoja tu kila mara. Kiumbe mwenye uzazi wa pole hivyo akipandwa na dume tasa, ukoo unakatika. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o, na leo ng'ombe wa maziwa wanafugwa kule bila wasiwasi huo. Lakini Unguja ni kisiwa. Hapa bara ukiwamaliza leo, kesho wanakuja wa jirani.

Na je, tungetaka? Nilimuuliza Mjomba. Kama Mkwaja ingefaulu, kungekuwa na nyama, ajira, pengine mji. Kusingekuwa na twiga. Kuna uongo mdogo katika kusema mbung'o ndiye aliyelihifadhi pori hili. Kuna sheria, kuna askari kama huyu aliyekaa juani kutwa, na kuna vijiji vilivyokubali au kukubalishwa. Lakini wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka ni yule mdudu.

Mjomba hakujibu swali langu. Aliomba kushuka. Askari akatazama pande zote, akasema dakika tano, Mzee, na usipite ile mti. Akatembea taratibu kwenye nyasi fupi, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kupanga. Ngiri wakasogea bila kukimbia. Akainama, akaokota kitu, akakifuta kwenye suruali. Alipokileta dirishani kilikuwa hereni ya sikio la ng'ombe, imepauka, nusu imeliwa na jua. Namba imefutika, imebaki 7 ya mwisho.

"Mzee," askari akasema kwa upole, "hairuhusiwi kutoka na kitu."

"Najua."

Akarudi hadi palepale alipoiokota, si hatua tano pembeni, palepale, akaiweka chini. Kisha akakanyaga kidogo kuishindilia.

Tulitoka getini dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Watoto walilala kabla ya Miono. Mjomba naye alilala, mdomo wazi, na mimi niliendesha nikijikuna hadi Mbezi.

Jumatatu jioni nilifua. Jezi niliianika peke yake kwenye kamba ya nyuma, mikono imetandazwa, ikawa inazunguka polepole na upepo. Kijana wangu alitoka nje na embe mkononi, akaiona, akasimama mlangoni. Alikaa pale muda mrefu akiitazama kabla ya kuvuka uwanja.